Notisi ya Thamani ya Nyumba si Amri: Tuweke Pingamizi, Tena kwa Pamoja

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE, HOUSTON NA VITONGOJI VYAKE*



Jumapili iliyopita kikao chetu kilichukua saa tatu. Saa mbili na nusu tulizungumzia siasa za nyumbani, kama kawaida yetu, na hoja zilikuwa nzito. Tulipofika kwenye mengineyo, mama yetu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa heshima yake, akatoa bahasha mbili kwenye mkoba akauliza, "Wanangu, hii barua ya kaunti inanidai nini?"

Tukazifungua. Ya kwanza ilikuwa notisi ya thamani ya nyumba ya mwaka huu. Ya pili ilikuwa bili ya kodi ya nyumba ya mwaka jana. Tukasoma mstari kwa mstari. Kwenye safu ya misamaha palikuwa patupu. Mama huyu ana miaka tisa katika nyumba ile, analala humo, hana nyingine, na mwaka 2023 alitimiza miaka 65. Miaka yote tisa amelipa kodi kama tajiri mwenye nyumba ya kupangisha. Tulipomuuliza mbona hakusema, akajibu, "Benki ndiyo inayolipa, mimi naona tu malipo ya mwezi yanapanda."

Ndugu wanachama, jibu lile ndilo lililotufanya tuandike taarifa hii. Tawi linajua idadi ya viti vya udiwani katika majimbo ya nyumbani, lakini kwa miaka tisa halikujua kwamba mwanachama wake anakatwa zaidi ya anavyostahili. Kosa hilo ni letu sisi viongozi, na tunalikiri.

Msimamo wetu ni huu: *kila mwanachama mwenye nyumba Texas ahakikishe msamaha wake umeandikishwa, na kila anayeona thamani aliyopewa si ya haki aweke pingamizi kabla ya tarehe 15 Mei 2026.* Na tawi liwe mahali pa kufanyia kazi hiyo kwa pamoja, bila malipo.

*1. Kodi hii inavyofanya kazi*

Nyumbani tumezoea kodi ya majengo isiyo na maswali. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ina kiwango kimoja, ambacho mwaka 2023 kilipanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Kibanda cha vyumba viwili na jumba la kifahari la chini, vyote sawa. Unaweza kulalamika kwamba kiwango ni kikubwa, lakini huwezi kusema nyumba yako imethaminiwa vibaya, kwa sababu haikuthaminiwa.

Texas ni kinyume. Jimbo hili halitozi kodi ya mapato kwenye mishahara yetu, kwa hiyo shule, kaunti, jiji, hospitali ya umma na wilaya za maji zinategemea sana nyumba zetu. Kila mwaka mthamini wa kaunti anakadiria nyumba yako ingeuzwa kwa bei gani *tarehe 1 Januari*. Kisha kila mamlaka inapiga hesabu kwa kiwango chake: senti kadhaa kwa kila dola 100 za thamani hiyo.

Kwa hiyo bili ina sehemu tatu: thamani, misamaha na viwango. Thamani unaipinga wewe, kati ya Aprili na Mei. Misamaha unaiomba wewe. Viwango vinapangwa na wakubwa Agosti na Septemba, na huko nako tuna sauti, tutafika.

Tuelewane jambo moja. Mthamini hajaingia nyumbani kwako. Kaunti ya Harris peke yake ina nyumba nyingi mno, hakuna ofisi inayoweza kupita mlango kwa mlango. Wanatumia kompyuta, wanapanga nyumba kwa mitaa, umri na ukubwa, halafu wanakadiria zote kwa mkupuo. Hatuwalaumu kwa hilo. Lakini kompyuta haijui kwamba msingi wako umepasuka, haijui kwamba jikoni kwako hapajaguswa tangu 1984. Sheria inajua kwamba makadirio ya namna hii yatakosea, na ndiyo maana imekupa nafasi ya kusema. Usipoitumia, umekubali.

*2. Mbona tunanyamaza?*

Tumewauliza wanachama kadhaa. Sababu zilizotajwa ni nne, na tunazijibu moja moja.

"Nikipinga watanipandishia." Hapana. Sheria ya Texas inaizuia bodi inayosikiliza pingamizi kuweka thamani iliyo juu ya ile iliyokuwa imeandikwa tayari kwenye kumbukumbu. Likikushinda, unabaki pale ulipokuwa.

"Mimi si raia, nisijitafutie mambo." Haki ya kupinga ni ya mwenye nyumba, si ya raia peke yake. Fomu ya pingamizi haikuulizi hali yako ya uhamiaji, na msamaha wa nyumba unayoishi hauna sharti la uraia. Kinachotakiwa ni kwamba nyumba ni yako, unaishi humo, na una leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani hiyo hiyo. Hapo kwenye anwani ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu tumehama Alief tukaenda Katy au Richmond na leseni imebaki na anwani ya nyumba ya kupanga. Kabadilishe kwanza.

"Benki inalipa." Benki inalipa kwa fedha zako. Inakusanya kila mwezi kwenye akaunti ya eskro, na kodi ikipanda inakuandikia kwamba malipo ya mwezi yamepanda. Wengi tunadhani riba ndiyo imepanda. Mkopo wenye riba isiyobadilika haupandi. Kinachopanda ni kodi na bima.

"Ni aibu kubishana na serikali kwa ajili ya dola mia mbili tatu." Hii ndiyo inayotuuma zaidi. Tumelelewa kuheshimu ofisi, na ni malezi mazuri. Lakini kupinga tathmini si kubishana. Ni kujibu barua. Notisi yenyewe inakueleza namna ya kupinga na siku ya mwisho. Aliyekuandikia anategemea utajibu.

*3. Anza na msamaha, maana ndiko fedha ziliko*

Kabla ya pingamizi lolote, angalia kama una msamaha wa nyumba unayoishi, ule wanaouita homstedi. Mwezi Novemba 2025 wapiga kura wa Texas waliridhia upande kutoka dola 100,000 hadi 140,000 kwa kodi ya shule, kuanzia mwaka wa kodi wa 2025. Mwenye miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu unaotambuliwa, anaongezewa 60,000 juu yake, badala ya 10,000 za zamani.

Tupige hesabu ya mama yetu. Tuchukue kiwango cha shule cha senti 90 kwa kila dola 100, kwa mfano tu, maana kila wilaya ina chake. Kwa mwaka 2025, dola 140,000 na 60,000 ni 200,000. Senti 90 kwa kila mia ni *dola 1,800*. Kwa mwaka 2024, misamaha ya wakati huo ilikuwa 100,000 na 10,000, jumla 110,000, sawa na *dola 990*.

Habari njema ni kwamba sheria inaruhusu kuomba kwa kuchelewa, hadi miaka miwili baada ya siku ambayo kodi ya mwaka huo ingehesabika kuwa imechelewa, yaani tarehe 1 Februari ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwaka 2024 bado unaombeka hadi Februari 2027, na mwaka 2025 hadi Februari 2028. Kwa mfano wetu mama atarudishiwa takriban dola 2,790, kabla hatujahesabu misamaha ya kaunti na jiji.

Habari mbaya ni kwamba mwaka 2023 ulifungwa mwezi Februari mwaka huu. Kama angetoa bahasha ile kwenye kikao cha Desemba, angeupata na huo. Miaka ya nyuma yake imekwenda na maji. Tunaandika hivi bila kumficha mtu, kwa sababu tunajua yuko mwingine kati yetu mwenye bahasha kama hiyo kwenye droo.

Kuna faida nyingine mbili za msamaha huu. Kwanza, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia mwaka unaofuata ule wa kwanza uliopata msamaha, isipokuwa umeongeza jengo. Pili, ukifika miaka 65 na ukaandikisha, kodi ya shule inawekewa dari: haivuki kiasi kile hata thamani ikipanda, ilimradi hujajenga nyongeza. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, dari hiyo ndiyo inayoamua kama atabaki nyumbani kwake au atauza.

Tahadhari mbili. Msamaha huu huombwa *bure* kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti. Ukipata barua yenye nembo za kutisha inayotaka malipo ili "kukuandikishia", iweke kando ulete kwetu. Na kwa wale ambao tayari wanao: sheria iliyopitishwa 2023 inazitaka ofisi za tathmini zihakiki wenye msamaha angalau mara moja kila miaka mitano. Wanatuma barua. Usipoijibu, unaweza kuondolewa. Usitupe barua ya kaunti kwa sababu imefanana na matangazo.

*4. Namna ya kupinga*

Pingamizi huwekwa kufikia tarehe 15 Mei, au ndani ya siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ile itakayokuwa ya mwisho kati ya hizo mbili. Hata kama hukupata notisi, unaweza kupinga. Ada hakuna. Unaweza kufanya mtandaoni kwa namba iliyo kwenye notisi.

Fomu inakuuliza sababu. Weka alama kwenye *zote mbili*: kwamba thamani imezidi bei ya soko, na kwamba nyumba yako haikuthaminiwa sawa na nyumba zinazofanana nayo. Ni hoja mbili tofauti. Unaweza kushindwa moja ukashinda nyingine. Kisha omba kwa maandishi ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako. Ni wajibu wao kukupa siku 14 kabla ya kusikilizwa, na mara nyingi humo ndimo utakapokuta silaha yako.

Halafu hakiki taarifa za nyumba yako kwenye tovuti yao. Je, ukubwa uliotajwa ni sahihi? Mabafu ni mangapi? Mwanachama wetu mmoja wa Cypress alikuta ameandikiwa bwawa la kuogelea. Bwawa lilifukiwa na aliyemuuzia. Picha mbili za uani zilimaliza kesi.

Ushahidi unaofaa ni huu:
- Hati ya mwisho ya ununuzi, kama ulinunua karibuni kwa bei ya chini ya thamani uliyopewa.
- Bei za nyumba zinazofanana na yako, mtaa wako, zilizouzwa karibu na tarehe 1 Januari. Texas hailazimishi bei za mauzo zitangazwe, kwa hiyo muulize dalali unayemfahamu.
- Thamani walizopewa majirani wenye nyumba kama yako. Hizi ziko wazi kwenye tovuti ya kaunti.
- Picha za nyufa, paa, unyevu na madhara ya mafuriko, pamoja na makadirio ya maandishi ya fundi. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliacha mapaa mengi ambayo hadi leo hayajakaa sawa. Lakini kumbuka tarehe: uharibifu uwe ulikuwepo tarehe 1 Januari. Paa lililovuja Machi ni hoja ya mwakani.

Baada ya kupinga, unaweza kupewa nafasi ya kumalizana na mthamini, ama mtandaoni ama kwa mazungumzo. Wengi humalizia hapo. Kama anachokupa hakikutoshi, unakwenda mbele ya Bodi ya Mapitio ya Tathmini, ARB. Hao ni wananchi wa kaunti walioapishwa, si waajiriwa wa mthamini. Unaweza kufika mwenyewe, kwa simu, kwa video, au kutuma kiapo cha maandishi na ushahidi wako. Na bado usiporidhika, kuna siku 60 za kwenda kwenye usuluhishi au mahakamani.

Sasa tujifunze kwa makosa yetu. Mwaka jana watatu kati yetu katika uongozi tulipinga. Wawili walipunguziwa. Wa tatu, aliyekuwa na kesi nzuri kuliko wote, alitoka mikono mitupu. Alipopewa nafasi alieleza kwamba kazi imepungua, hakuna ovataimu, watoto wawili wako chuo, na ada ni kubwa. Bodi ilimsikiliza kwa upole, ikamshukuru, ikaacha thamani ilivyo. Haikuwa roho mbaya. Bodi haina mamlaka juu ya uwezo wako wa kulipa. Ina swali moja tu: nyumba hii ilikuwa na thamani gani tarehe 1 Januari, na je, imethaminiwa sawa na za wenzake? Picha za msingi uliopasuka zilikuwa kwenye simu yake muda wote. Hakuzionyesha.

Kwa hiyo tunasisitiza: *usiende na shida, nenda na bei.* Shida zako tuletee sisi, ndiyo kazi ya tawi.

*5. Jambo linalowachanganya wengi mwaka huu*

Baadhi yenu mmetuandikia: "Katibu, thamani ya soko imeshuka kwenye notisi, lakini ile inayotozwa kodi imepanda. Wamenipiga?" Hapana, na tunaomba msome hesabu hii polepole.

Tuseme mwaka 2025 soko lilikuwa 300,000, lakini kwa sababu ya ukomo wa asilimia 10 ulitozwa kwa 250,000 tu. Mwaka huu soko limeshuka hadi 290,000. Ukomo unaruhusu 250,000 ipande hadi 275,000. Kwa hiyo soko limeshuka kwa 10,000 na wewe unatozwa kwa 25,000 zaidi. Ukomo huu haukufuta ongezeko. Uliliahirisha.

Maana yake kwenye pingamizi ni hii: kama utapunguziwa soko kutoka 290,000 hadi 280,000, mwaka huu hukupata hata senti, kwa sababu bado uko juu ya 275,000. Huenda ukafaidika mwakani tu. Ili uone tofauti kwenye bili ya mwaka huu, lazima ufike chini ya 275,000. Ukifika 265,000, kwa mfano, na viwango vyako vyote vikijumlishwa ni dola 2.20 kwa kila mia, umeokoa dola 220. Jua namba unayoifuata kabla hujaingia. Mtu anayekubali punguzo la kwanza kwa furaha bila kuangalia safu ya pili amepunguziwa karatasi.

*6. Kwa wenzetu wasiokubaliana nasi*

Mzee wetu mmoja alisema kwenye kikao kwamba tawi la chama halikuundwa kwa kodi za Wamarekani. Tunamheshimu, na tunamjibu kwa adabu. Michango ya tawi hili inatoka kwa watu wanaolipa kodi hizi. Tuliposafirisha mwili wa ndugu yetu mwaka juzi, fedha zilitoka kwenye nyumba hizi hizi. Mwanachama anayepoteza nyumba hupotea na kwenye kikao. Na kodi ya nyumba ndiyo deni linaloweza kuiuza nyumba hata kama mkopo umeisha. Ukichelewa kuanzia tarehe 1 Februari unaanza na nyongeza ya asilimia 7, faini na riba, inaongezeka kila mwezi, na ikifika Julai wanaweza kukuongezea gharama za wakili hadi asilimia 20. Hatuoni siasa iliyo karibu zaidi na mwananchi kuliko hiyo.

Kijana mmoja naye aliuliza swali zuri: tukipunguziwa wote, shule za watoto wetu zitalipwa na nani? Hatupendekezi kukwepa. Walimu walipwe, zimamoto waje wakiitwa. Tunachosema ni kwamba kila mmoja alipe fungu lake. Wenye majengo makubwa ya biashara huajiri watu wa kuwapingia, kila mwaka, bila aibu. Anayenyamaza ndiye anayebaki na mzigo ambao wenzake wameutua. Kunyamaza kwetu hakuisaidii shule. Kunamsaidia aliyepinga.

Wengine wanasema waachie kampuni za kupinga zifanye kazi. Hatukatazi. Wapo waaminifu. Lakini wanakata fungu la kile ulichookoa, na wengine mkataba wao unajirudia mwaka hadi mwaka. Soma kabla ya kutia sahihi. Kwa nyumba ya kawaida unayoishi mwenyewe, kazi yenyewe ni jioni mbili na simu yenye kamera.

*7. Tusiishie Mei*

Thamani ni nusu ya bili. Nusu nyingine ni kiwango, na kiwango kinapangwa Agosti na Septemba kwenye vikao vya wazi vya kaunti, jiji, wilaya ya shule na, kwa wale wa Katy, Cypress na Fort Bend, wilaya za maji ziitwazo MUD. Vikao vya MUD huwa na viti vitupu. Tangu 2019 sheria inazitaka kaunti na majiji mengi kwenda kwa wapiga kura zikitaka kuongeza mapato ya uendeshaji kutoka kwenye mali zilizopo kwa zaidi ya asilimia 3.5. Wanachama ambao ni raia, jiandikisheni na mpige kura hizo ndogo, siyo za Rais peke yake. Ambao si raia hampigi kura, lakini kusimama kwenye kikao cha wazi na kusema neno kwa heshima mnaruhusiwa.

Tawi linalojua kuhoji bajeti ya halmashauri ya nyumbani haliwezi kuogopa kuhoji bajeti ya wilaya ya maji ya mtaani kwake.

*8. Tutakachofanya*

Uongozi umekubaliana yafuatayo:
- Jumamosi tatu zijazo, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, pale pale tunapofanyia vikao, tutakaa na kompyuta na printa. Njoo na notisi, bili ya mwaka jana na leseni yako.
- Wenye miaka 65 na kuendelea, wajane na wenye ulemavu watahudumiwa kwanza. Asiye na usafiri atuambie, atafuatwa.
- Hakuna malipo. Katibu wenu amesomea uhasibu, si uwakili, na hapokei hata senti kwa kazi hii. Yeyote atakayekutoza kwa jina la tawi, turipoti kwake.
- Taarifa za nyumba yako hazitawekwa kwenye kundi. Usipige picha notisi ukaituma humu. Tuma kwa katibu moja kwa moja.
- Ifikapo Juni tutatoa taarifa ya jumla, bila majina: wangapi wamepinga, wangapi wamepunguziwa, na wangapi waligundua hawakuwa na msamaha.

Kuhusu mama yetu, fomu yake tuliijaza Jumanne jioni mezani kwake, akitumiminia chai. Leseni yake ilikuwa na anwani sahihi. Aliposaini, akauliza kama sasa anaweza kutupa zile bahasha za zamani zilizojaa droo. Tukamwomba asitupe hata moja. Zilikuwa kumi na nne, na saba hazijawahi kufunguliwa.

Ndugu mwanachama, leo jioni kabla hujalala, fungua droo yako.

Imetolewa kwa niaba ya uongozi wa tawi na
Katibu wa Tawi
Houston, Texas
Aprili 2026